Nani Amemfungia Bibi Yangu Kanisani?

Mwaka jana nilimrekodi bibi yangu kule Mgeta, milimani Uluguru, akiimba wimbo wa kutwangia. Niliporudi Morogoro mjini nilifungua programu ya muziki na kufanya kile ambacho vijana wengi wa studio tunafanya bila kufikiri: nikaweka mwangwi. Nikachagua kanisa kuu moja la Ulaya, sekunde sita. Sauti ikatanda, ikapaa. Nikajiona fundi.

Bibi aliusikiliza kwenye simu mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mume wangu, mbona umeniacha peke yangu? Wenzangu wamekwenda wapi?"

Tangu siku hiyo nina ugomvi na mafundi wenzangu, na wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Mwangwi wa konvolusheni si kiungo cha kunyunyizia wimbo ukolee. Ni mahali. Mtu huingia ndani ya jengo, hupasua puto au hupiga mlio unaopanda kutoka besi hadi juu kabisa, na kurekodi jinsi kuta zinavyojibu. Programu huchukua jibu hilo na kulipitisha kwenye kila chembe ya sauti yako, mpaka isikike kana kwamba ilitoka humo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipasua maputo ndani ya Hagia Sophia, Istanbul, ambako mwangwi hudumu zaidi ya sekunde 10. Baadaye kwaya ya Cappella Romana iliimba nyimbo za kale za jengo hilo ikiwa Marekani, ndani ya mwangwi huohuo. Hapo sina neno: nyimbo zilirudishwa nyumbani kwake.

Sisi je? Tunamtoa mwanamke uani, penye kinu na majirani wa kumwitikia, tunamsimamisha peke yake kwenye mawe ya watu wengine, kisha tunaita kazi hiyo kuhifadhi utamaduni. Tena katika mji uliotupa Cuban Marimba na Morogoro Jazz.

Nitaambiwa ni ladha tu. Sawa, wimbo uliotungwa studio uupeleke hata mwezini. Lakini ukiandika "rekodi ya asili", mwangwi nao ni sehemu ya ushahidi. Huwezi kubadilisha mandhari ya picha halafu uape kwamba picha ni ya kweli.

Wengine wana dawa mbaya zaidi: "Basi weka mwangwi wa milima." Wamewahi kusimama huko? Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mwamba ulio mita 170 mbele yako hukurudishia neno lako baada ya sekunde moja, tena likiwa limefifia. Hakuna mtu aliyetwanga mahindi kwa mdundo huo. Milima ya kwenye programu ni ya watalii. Bibi yangu anaishi kwenye ya kweli.

Nilirudi Mgeta na maputo matano. Nililipasua la kwanza uani, kati ya jiko na ukuta wa nyumba. Kuku wakatawanyika, watoto wakataka yaliyobaki. Ukuta ulio mita tatu hurudisha sauti baada ya kama milisekunde 18, na baada ya hapo karibu hakuna kitu, maana uani juu ni mbingu tupu. Nikajua kwamba mkia ule wa sekunde sita haukuwa na kazi. Nikaufuta wote. Nikashusha kiasi cha mwangwi kutoka asilimia 40 hadi 8, nikakata besi ili mchi usivume. Na zaidi ya yote, nikarekodi upya, safari hii na majirani wawili wakiitikia. Hilo halina kitufe kwenye programu yoyote.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kabla hujagusa mwangwi, jiulize: mwimbaji huyu amesimama wapi, na nani yuko karibu naye? Kama hujui, iache sauti kavu. Afadhali ukavu kuliko uongo.

Bibi ameisikiliza rekodi mpya. Hakuuliza tena walikokwenda wenzake. Alilalamika tu kwamba jirani yake anasikika kuliko yeye.