Eldoret ni jiji sasa, lakini hadithi zauzwa wapi?

Msomaji mpenzi, leo ni Jumapili na natumai huna haraka. Kabla chai haijapoa, hebu inuka kidogo uhesabu vitabu vilivyomo nyumbani mwako. Biblia au Kurani iweke kando, hiyo hatuigusi. Vile vya shule vilivyoletwa na serikali pia viweke kando, maana hivyo si vyako na vitarudi shuleni. Shajara za benki na vitabu vya risiti usivitie hesabuni. Haya, vimebaki vingapi? Kama ni kimoja au viwili, usione haya, kwani majirani zako wa Kapsoya, Langas na Huruma hawakuzidi kwa mengi. Mimi nina mazoea ya kutazama kabati la mwenyeji wangu kabla ya kuketi, na siku hizi ninachokiona humo ni vikombe, picha za harusi na waya za kuchajia simu.

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Kwa mji ulioanza na posta tu kwenye shamba nambari 64, ambao wazee mpaka leo wanauita Sisibo, hilo si jambo dogo. Reli ilifika 1924. Chuo Kikuu cha Moi kikaanza 1984 kikiwa na wanafunzi 83. Sasa majumba yanachipuka kama uyoga, mengine yakiwa ni jasho la wanariadha wetu waliotoka kukimbia Boston na Berlin. Viatu vya kukimbilia utavipata karibu kila barabara. Lakini toka nyumbani kwenda kumtafutia mtoto kitabu cha hadithi, kile ambacho hakuna mwalimu aliyekiagiza, halafu uniambie umeingia maduka mangapi ukiambiwa hakuna.

Ati watu hawapendi kusoma! Ndivyo tunavyoambiwa kila mwaka, na lawama zote wanatwikwa vijana na simu zao. Mimi nakataa. Ninachokijua ni kwamba kitabu cha hadithi hakikuwahi kujilipia kodi ya pango katika mji huu. Siku zote kilibebwa mgongoni na kitabu cha kiada, na huyo mbebaji ameondolewa.

Wewe uliyesoma hapa miaka ile unaukumbuka mwezi wa Januari. Januari ya Eldoret ilifuata mahindi. Mkulima wa Moiben, Ziwa au Soy alikuwa amekwisha kuvuna, magunia yameuzwa, na mfukoni mna pesa za karo. Akaingia mjini na orodha ya mwalimu imekunjwa mara nne. Dukani watu walisukumana hadi kwenye kaunta kama wanaopanda matatu jioni, kila mmoja akipunga orodha yake juu. Muuzaji alipanda ngazi, akashuka, akafunga mafurushi kwa kamba ya katani, akaandika risiti mpaka kidole kikafa ganzi. Majuma manne ya namna hiyo yalilipa kodi ya pango ya miezi mingi.

Basi, miezi iliyobaki ilikuwa ya nini? Hapo ndipo mpenda vitabu alipojitokeza ndani ya mfanyabiashara. Usidhani kila mwenye duka la vitabu alikuwa msomaji, la hasha, wengine wangeuza misumari kwa furaha ile ile. Lakini wale wasomaji walitumia faida ya Januari kuagiza vitabu ambavyo vingekaa rafuni mwaka mzima vikingoja mtu mmoja. Riwaya za Said Ahmed Mohamed. Tamthilia. Vijitabu vya watoto vyenye sungura na fisi jaladani. Na mama alipolipia Hisabati ya darasa la sita, chenji ikabaki ndogo, muuzaji alimnong'oneza, "Mama, hizi zilizobaki mchukulie mtoto hiki, atakushukuru." Watoto wengi wa mji huu walipata kitabu chao cha kwanza cha kujifurahisha kwa njia hiyo, kwa chenji.

Sasa sikiliza lililotokea. Elimu ya msingi ya bila malipo ilipoanza 2003, shule zilipewa fedha za vitabu na walimu wakuu wakaendelea kununua madukani. Muuzaji hakupoteza kitu, ila mteja wake alibadilika kutoka mzazi hadi mwalimu. Mwanzoni mwa 2018 ndipo Wizara ya Elimu ilipoanza kununua vitabu vya shule za umma moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka hadi shuleni. Lengo lilikuwa kila mwanafunzi awe na kitabu chake, badala ya watoto wanne kugombania kimoja huku wakipigana viwiko. Kusema haki, mpango ule ulikuwa na sababu. Kulikuwa na walimu wakuu na wafanyabiashara waliokula sahani moja, risiti ikisema vitabu mia na sandukuni mna sitini. Kwa hiyo sitaki unielewe vibaya. Mtoto wa mkulima wa Turbo kupata kitabu cha Sayansi bila babake kuuza mbuzi ni jambo la kushukuru, na anayelipinga na alipinge mbele ya huyo mkulima.

Lakini lori la vitabu lilipopita Barabara ya Uganda likielekea shuleni, halikusimama dukani. Januari ikafa. Zikabaki shule za kibinafsi, ambazo wazazi wake bado hununua, na hao hawatoshi kuwalisha wauzaji wote. Nchi nzima wenye maduka walilia, baadhi wakafunga virago. Waliosalia hapa kwetu wamejifunza kuishi kama mtu aliyekatwa mguu. Kaunta ya mbele inauza madaftari, kalamu na bahasha, pembeni kuna wakala wa M-Pesa, ukutani zimening'inia sare za shule. Tusisahau pia kwamba sheria ya kodi ya mwaka 2013 ilikwisha kuvitoza vitabu asilimia 16, yaani kitabu cha shilingi 500 kikaongezwa shilingi 80 kabla mnunuzi hajakifungua. Ukikutana na muuzaji aliyebakisha hata rafu moja ya hadithi huko nyuma, jua hafanyi hivyo kwa sababu ya faida.

Na wauzaji wa mitumba ya vitabu, wale wanaotandaza turubai kando ya njia? Hao nao walipigwa na upande mwingine. Zamani kitabu cha darasani kiliishi miaka kumi. Fungua jalada la kitabu cha wakati huo uone. Jina la kaka mkubwa limekatwa, chini yake jina la dada, nalo limekatwa, kisha jina la mtoto wa jirani aliyekinunua nusu bei, na juu ya yote muhuri wa shule ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeisomea (hapo tusiulize maswali mengi). Mtaala mpya wa Umilisi ulipoingia, gredi baada ya gredi, kila mwaka rundo moja la vitabu vya 8-4-4 liligeuka karatasi ya kufungia njugu. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023. Mchuuzi aliyekuwa na mtaji wake wote kwenye turubai akakuta ameketi juu ya mtaji wa kufungia njugu.

Pengine utauliza, kuna ubaya gani? Shule inampa mtoto vitabu, na hata vitabu teule vya fasihi anasoma. Hapa ndipo nataka uache kikombe chini.

Kuanzia mtihani wa 2018 hadi wa 2022, watahiniwa wa KCSE walisoma riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Nchi yake ni ya kubuni na Eldoret haitajwi. Lakini inamhusu Ridhaa, daktari anayeipoteza jamaa yake kwa moto baada ya uchaguzi na kujikuta kambini pamoja na wakimbizi wengine. Mkazi wa Eldoret hahitaji mwalimu wa kumfafanulia hayo. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, hapa karibu na mji, lilichomwa na watu waliokuwa wamekimbilia humo kuokoa maisha yao. Maelfu walihamia uwanja wa maonyesho ya kilimo wakalala kwenye hema, katika baridi yetu unayoijua. Baadaye wengine walirudi, wengine hawakurudi, na sisi tuliobaki tukajifunza ustadi wa kunywa chai pamoja bila kuligusa neno hilo.

Wanafunzi waliosoma riwaya ile walikuwa watoto wadogo wakati wa vita. Waliwasikia wazazi wakinyamaza ghafla chumba kikiingia mgeni. Kisha siku moja, darasani, jambo lile lile likawa na sura, na wahusika, na maswali ya alama ishirini. Wameketi dawati moja, mtoto wa aliyefukuzwa na mtoto wa jirani wa aliyefukuza, wote wawili wakimjadili Ridhaa, kwa sababu kumjadili Ridhaa kulikuwa rahisi kuliko kumjadili baba. Hotuba ya amani haiwezi kufanya hivyo. Semina ya hotelini yenye soda na posho haiwezi.

Mwaka 2022 ukaisha, vitabu teule vikabadilishwa, na ndivyo inavyopasa, sina ugomvi na hilo. Ila zamani kitabu kilichotoka kwenye mtihani kilikuwa na kwa kwenda. Kilihamia rafu ya nyuma. Utengano kilikaa huko. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996 na ambayo shujaa wake anatoka Tanga akimtafuta babake hadi Kitale, kilomita 70 hivi kutoka hapa tulipo, ilikaa huko miaka mingi, ikichukuliwa na mvulana ambaye hakuna aliyemwambia aisome. Sasa rafu ya nyuma ndiyo ya kwanza kuuzwa. Kitabu kikitoka kwenye mtihani kinatoka mjini. Mtoto atakayefika kidato cha nne akiwa na umri wa kuuliza kulitokea nini mwaka 2008, na akakuta mezani kwao kimya kile kile, hatakutana na Ridhaa kwa bahati njema akipitapita dukani. Lazima awe ameshajua kwamba kitabu hicho kipo, naye atajuaje?

Maktaba ya umma ipo, na Katiba ya 2010 iliziweka maktaba za kaunti mikononi mwa serikali za kaunti, kwa hiyo ukimwona mwakilishi wako wa wadi akija kuomba kura, una swali la kumuuliza zaidi ya barabara. Mpeleke mtoto huko Jumamosi. Lakini maktaba hukopesha, nayo haki ya mtoto kukiandika jina lake jaladani, kukilalia na kukimwagia uji, haipatikani maktabani.

Nanyi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi na cha Eldoret, msidhani nimewasahau. Najua mnasema vitabu vyote vimo kwenye simu, mnatumiana riwaya nzima kwa WhatsApp kama mnavyotumiana vichekesho. Mwandishi hapati hata senti moja hapo, na huyo mwandishi mara nyingi ni mwalimu wenu. Asiye na pesa namwelewa. Anayebeba simu ya bei ya ng'ombe namwelewa kidogo tu.

Wala msiniambie mji wa wakimbiaji hauna nafasi ya wasomaji. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, anajulikana kwa kupenda kusoma, na kambi yao ya Kaptagat ina maktaba ndogo. Vijana wanaamka alfajiri kuiga miguu yake. Sijamwona bado anayeiga jioni yake.

Kwa hiyo, msomaji wangu, wiki hii ukipita mjini kulipa stima au kununua unga, ingia kwenye mojawapo ya maduka yaliyobaki. Pita madaftari, pita sare za shule, nenda hadi nyuma. Uliza kama bado wana Chozi la Heri. Muuzaji atakutazama juu chini akuambie, "Hicho hakitahiniwi tena." Mwambie wewe si mtahiniwa. Na akienda kukitafuta huko kwenye maboksi, usiangalie saa, mngoje.