Daftari la Moyo Liwe Mali ya Mwenyewe

Bonde la Kilombero limezoea kuhesabiwa. Katika miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alianzisha mjini Ifakara maabara ya utafiti, ambayo ilikua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1996 watafiti wa hapo walianza kuzipitia kaya za bondeni kila baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Lakini iko hali moja ambayo mgeni mwenye daftari hawezi kuiona akiwa mlangoni, nayo ni hali ya moyo.

Hali hiyo nayo hupimika. Dodoso liitwalo PHQ-9, ambalo waganga hulitumia kutafuta dalili za sonona, lina maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Mwanafunzi wa sekondari hana haja ya kuiga kazi ya mganga. Lakini kwa kanuni nyepesi kama hiyo aweza kutunga programu ndogo ya kompyuta yenye sehemu tatu: maswali machache ya kila siku, mahali pa kuhifadhia majibu, na mchoro unaoonyesha siku zinavyopanda na kushuka. Maswali yahusu usingizi, chakula, mazoezi na mazungumzo na rafiki. Yaulizwe kwa maneno ya watu: asemaye "nina mawazo" asilazimishwe kutaja sonona.

Ufundi huo si mgumu. Lililo gumu ni kuamua majibu yatakaa wapi na nani atayasoma. Wapo wasemao kuwa yakusanywe katika kompyuta ya shule ili wenye shida watambuliwe mapema. Nia hiyo ni njema, lakini siiungi mkono. Mwanafunzi akijua kwamba mwalimu wa zamu atasoma, ataandika kila siku kuwa yu mzima, na mwalimu ataamini kwamba mambo ni shwari. Heri kukosa kipimo kuliko kuwa na kipimo kinachodanganywa.

Basi majibu yabaki katika simu ya mwenyewe. Kivinjari cha intaneti chaweza kuyahifadhi humo pasipo kuyapeleka popote, na programu iliyotungwa vema hufanya kazi hata mahali pasipo na mtandao, jambo lenye manufaa kwa jamaa wanaohamia mashambani msimu wa mpunga. Kwa kuwa simu ya nyumbani hushikwa na wengi, iwekwe namba ya siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Hata hivyo, programu haiponyi. Mchoro ukishuka wiki mbili mfululizo, imshauri mwenyewe aende kituo cha afya au kwa mtu mzima anayemwamini; na akiwaza kujidhuru, aende siku hiyo hiyo. Walimu wenzangu, wajibu wetu ni kuwa watu ambao mwanafunzi hataogopa kuwafungulia daftari lake kwa hiari yake.