Kabla ya Kumlaumu Mama, Tumtazame Nzi



Ndoa ikipita miaka miwili au mitatu bila ya kusikika kilio cha mtoto, katika nyumba zetu nyingi kidole cha kwanza hunyooshewa mke. Mawifi hunong'ona, mama mkwe hukunja uso, na mume hunyamaza kana kwamba jambo hilo halimhusu. Wiki hii tunapenda kusimulia kisa cha kiumbe mdogo sana, kinachotuonesha jinsi lawama ya haraka inavyoweza kupotea njia.

Kiumbe huyo ni nzi wa matunda, yule mdogo mwenye macho mekundu anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wanasayansi wamemfuga katika maabara kwa zaidi ya miaka 100, kwani hula kidogo, na kutoka yai hadi kukomaa huchukua takriban siku 10 tu.

Katika miaka ya 1970 watafiti waliona jambo lililowatatiza. Walipowapandisha madume waliokamatwa porini na majike wa koo za zamani za maabara, watoto walionekana wazima wa mwili, lakini wengi walikuwa tasa. Viungo vyao vya uzazi vilisinyaa. Walipogeuza, jike akawa wa porini na dume wa maabara, mabinti waliozaliwa walizaa bila ya taabu. Na ilhali mabinti wa njia zote mbili wana mchanganyiko uleule wa vinasaba! Margaret Kidwell na wenzake walilieleza jambo hilo kwa kina mwaka 1977.

Chanzo chake ni kinasaba kinachohama. Tumezoea kudhani kwamba kila kinasaba hukaa mahali pake daima, kama neno lililokwisha kuandikwa kitabuni. Kumbe vipo vipande vya DNA vinavyoweza kung'oka mahali pamoja na kujipachika pengine. Barbara McClintock wa Marekani aliligundua jambo hili katika mahindi, na kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983.

Kipande kilichomo katika nzi wa porini huitwa kipande P. Kiliwaingia katika karne ya 20, kikitoka kwa nzi wa aina nyingine kabisa wa bara la Amerika. Koo za zamani za maabara zilikuwa zimekwisha kutengwa kabla ya hapo, hivyo hazikuwa nacho. Kipande hicho kinapohamahama ovyo ndani ya seli za uzazi, huikata DNA na kuziharibu seli hizo.

Basi kwa nini mama mwenye kipande P huzaa watoto salama, na baba mwenye kipande hichohicho huzaa watoto tasa? Mwaka 2008 Julius Brennecke, Gregory Hannon na wenzao walionesha kwamba jibu limo ndani ya yai. Mama mwenye kipande P hutengeneza vijipande vya RNA vinavyomtambua mhamaji huyo na kumnyamazisha, naye huvitia katika yai pamoja na chakula cha mtoto. Mbegu ya baba ni ndogo mno, haibebi akiba hiyo. Baba humletea mtoto mhamaji, lakini hamletei mlinzi.

Sasa tuulize: nani wa kulaumiwa? Jike wa maabara hana kosa. Hakurithisha kinga kwa kuwa ukoo wake haukuwahi kukutana na adui huyo. Dume naye ni mzima, kwa sababu mama yake alimkinga. Tatizo lilizaliwa walipokutana wawili. Isitoshe, mwaka 2011 ilibainika kwamba baadhi ya mabinti hao, waliokuwa tasa katika ujana wao, hurejewa na uzazi wanapozeeka, baada ya miili yao kujijengea kinga yenyewe.

Binadamu si nzi, wala hatusemi kwamba watu hukosa watoto kwa sababu hii. Lakini madaktari wanajua kwamba chanzo huweza kuwa kwa mke, kwa mume, kwa wote wawili, au kisijulikane kabisa. Kwa hiyo waende hospitali wote wawili, tena siku moja, na mume asione haya kupimwa. Mke anayepelekwa peke yake, kisha akarejea na majibu mazuri, bado huandamwa na maneno yaleyale, kwa kuwa upande wa pili haukuangaliwa.

Nanyi mawifi na mama wakwe, tunakuombeni mzizuie ndimi zenu. Ikiwa kwa nzi tu ilichukua zaidi ya miaka 30 kufahamu yaliyomo ndani ya yai, vipi sisi tuhukumu kwa kutazama tumbo la mke wa mtu?