Wingu la Julai: Takwimu za Bayes katika Utafiti wa Saikolojia

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, mkulima wa Kitui haliamini wingu la Julai kama anavyoliamini lile la Novemba. Huipima dalili kwa yale anayoyajua tayari. Busara hiyo imekosekana katika tafiti nyingi za saikolojia.

Kwa muda mrefu, wanasaikolojia wametegemea thamani ya p: ikiwa chini ya 0.05, tokeo huchukuliwa kuwa la maana. Aghalabu thamani hiyo hufasiriwa visivyo. Haitaji uwezekano wa nadharia-tete kuwa kweli. Huonyesha tu jinsi data za namna hiyo zingekuwa adimu endapo athari inayodaiwa haipo.

Mwaka 2011, Daryl Bem wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha majaribio 9 yenye washiriki zaidi ya 1,000, akidai kuwa binadamu huweza kuhisi yajayo. Katika jaribio mojawapo, washiriki walibashiri sawasawa zilikokuwa picha za mahaba kwa asilimia 53.1, ilhali bahati tupu ingewapa 50. Majaribio 8 yalivuka kizingiti cha 0.05. Eric-Jan Wagenmakers na wenzake walizipima upya data zizo hizo kwa mbinu inayotokana na kazi ya Thomas Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kifo chake. Mbinu hiyo huanza na makadirio ya awali, kisha huyarekebisha kwa data. Ushahidi wa Bem ukaonekana hafifu.

Wapo wanaodai kuwa makadirio ya awali ni maoni ya mtu binafsi. Hoja hiyo ina uzito: Bem na wenzake walipokadiria athari ndogo zaidi, data zilezile zilionekana kuwa ushahidi madhubuti. Lakini hapo ndipo ubora wa mbinu hii unapodhihirika. Kila upande ulilazimika kuweka makadirio yake hadharani, yakapimwa na kupingwa. Thamani ya p haimdai mtafiti uwazi huo.

Bila shaka, Bayes si hirizi. Sampuli mbovu hubaki mbovu. Hata hivyo, mwanafunzi wa isimu-saikolojia anayechunguza jinsi watoto wanavyojifunza ngeli za Kiswahili hana budi kutangaza matarajio yake kabla ya kukusanya data. Asiyetaja msimu asidai kuwa wingu limethibitisha mvua.