Barua kwa Tume Kabla ya 2027

Usiku wa uchaguzi wa Agosti 2022, Fomu 34A, za matokeo ya urais ya kila kituo, zilibandikwa kwenye milango ya vituo vya kupigia kura kote Kenya, watu wakazisoma kwa mwanga wa simu: huyu kapata ngapi, zilizoharibika ngapi. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ikaziweka pia mtandaoni, za vituo zaidi ya 46,000. Wenye bando walikesha wakijumlisha.

Karatasi ilikuwa ya umma. Mitambo je?

Kesi ya kupinga matokeo ya urais ilipofika Mahakama ya Juu, majaji waliamuru walalamishi waonyeshwe seva za tume. Tume ikajibu kwamba programu ni mali ya Smartmatic, kampuni iliyopewa zabuni, na haki zake za ubunifu haziruhusu kila kitu kifunguliwe. Septemba 5 majaji wote saba waliidhinisha ushindi wa William Ruto kwa kukosa ushahidi kwamba mitambo ilichezewa. Hilo likaisha, ila hoja ya siri ya kampuni haikuisha nalo.

Kampuni ina haki ya kumzuia mshindani asiinakili kazi yake. Lakini mpiga kura wa Kitui anayeuliza hesabu ilipitia wapi hauzi programu. Kumfungia kwa kufuli lilelile la mshindani ni ujanja.

Na ujanja huo una historia. Mwaka 2003, wanafunzi wa chuo cha Swarthmore, Marekani, walichapisha barua pepe za ndani za Diebold, watengenezaji wa mashine za kura, zilizotaja kasoro za mashine hizo. Kampuni iliwatisha kwa sheria ya hakimiliki. Mwaka uliofuata mahakama ya California ilisema kampuni hiyo ilijua fika kwamba sehemu ya madai yake haikuwa na msingi, na Diebold ikalipa dola 125,000.

Kifungu cha 86 cha Katiba ya Kenya kinataka mfumo wa kura unaothibitishika na ulio wazi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi, hata kwa Kiswahili, bila ada ya maombi, na ajibiwe ndani ya siku 21. Siri za biashara zina kinga humo, lakini korti inaweza kuamuru zitolewe manufaa ya umma yakizidi madhara.

Basi vyama vya ushirika, vikundi vya akina mama, makanisa, misikiti na vyama vya wanafunzi viiandikie IEBC sasa, kabla ya uchaguzi wa 2027. Viulize mkataba wa mitambo unasemaje kuhusu ukaguzi, na nani amekagua programu. Viulize pia mtaalamu atakayetangaza kasoro atalindwa vipi, maana sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inamtoza anayeingia kwenye mfumo bila idhini faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili.

Vikinyimwa jibu, viende kwa Ombudsman, mpokeaji wa malalamiko ya umma dhidi ya taasisi za serikali. Nakala ya barua ibaki nyumbani ikiwa na muhuri wa kupokelewa, siku 21 zihesabiwe kuanzia tarehe hiyo.