Aliyeshiba Haibi?

Siasa za Morogoro huchambuliwa stendi ya Msamvu, kabla basi halijajaa. Mpigadebe, muuza karanga na abiria wa Dumila watabishana juu ya kila kitu, lakini hili watakubaliana: mbunge awe mtu mwenye pesa zake, maana aliyeshiba haibi. Imani hii imezeeka na inaheshimiwa, ila haina miguu.

Mfano wanaoutaja zaidi umeegeshwa hapo hapo stendi, jina limeandikwa ubavuni. Abdulaziz Abood, mwenye mabasi, redio na televisheni za Abood, alichaguliwa mbunge wa Morogoro Mjini kwa tiketi ya CCM mwaka 2010, akarudi 2015, akarudi tena 2020, mwaka ambao vigogo kadhaa nchini waliangushwa na wajumbe wa chama kwenye kura za maoni hadi mtaani ikawa wimbo kwamba wajumbe si watu. Simtuhumu wizi, wala sina sababu ya kumtuhumu. Ugomvi wangu ni na sisi tunaompima mgombea kwa uzito wa mfuko wake.

Wahenga walituachia kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hakuna mhenga aliyesema mwenye shibe hana tamaa. Fedha za EPA, akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu, hazikuchotwa na watu waliolala njaa, na sakata la akaunti ya Tegeta Escrow la mwaka 2014 halikuwa la wauza mihogo. Mali ya umma huokolewa na ukaguzi. Tumbo la mtu si daftari la mahesabu.

Tuseme basi tajiri wetu ni mwaminifu kabisa. Bado kuna jambo ambalo pale stendi halijadiliwi. Nauli za mabasi hupangwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, na wizara inayobeba uchukuzi hujieleza mbele ya Bunge. Juni 2024 treni ya SGR ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, daraja la kawaida kwa shilingi 13,000, na kila anayeipanda ni kiti kilichobaki wazi Msamvu. Mbunge mwenye mabasi, awe huyu au mwingine yeyote, anapojadili bajeti ya reli yuko pande zote mbili za meza. Yeye ameshiba, sawa. Basi lake linataka dizeli kesho asubuhi.

Waliotutangulia waliliona hilo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupangisha nyumba au kupokea mishahara miwili. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likalegeza kamba. Sidai turudi huko, maana mfanyabiashara naye ni raia na ana haki ya kugombea. Ninachokataa ni kugeuza utajiri wake kuwa cheti cha uadilifu.

Ukweli ni kwamba hatumtaki tajiri kwa sababu ya uadilifu. Tunataka jeneza, ada ya mtoto, jezi za timu na gari la kwenda mazikoni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliipa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, baraka zake, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikazifuta, ila mikono yetu haikusoma hukumu. Kisha sheria ya mwaka 2009 ikaunda mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, na mbunge akazidi kuonekana mfadhili. Ibara ya 63 ya Katiba inasema Bunge lipo kuisimamia na kuishauri Serikali. Majeneza hayatajwi.

Gharama ya tabia hii tunailipa kwenye bomba. Mji huu unakunywa kwa sehemu kubwa kutoka bwawa la Mindu, kwenye mto Ngerengere, na miteremko ya Uluguru inayolimwa bila kinga huteremsha udongo hadi bwawani. Hakuna mfuko wa mtu binafsi unaoweza kulitunza bwawa lile. Linahitaji bajeti ya Serikali, na bajeti inahitaji mbunge wa kuibana Serikali kwa maswali. Wewe uliyepewa jezi, utaanzia wapi kumuuliza kuhusu tope?

Mgombea ajaye akifika Msamvu na fulana, chukueni kama mnazitaka. Halafu mwulizeni hapo hapo, mbele ya makondakta: LATRA ikipandisha nauli, yeye atakaa upande gani?