Kambini bila stima: Mashine ya pumzi isibaki nyumbani

LIKIZO ya Agosti inapokaribia, jamaa nyingi huanza kutafuta hema na mablanketi. Wako wanaoelekea Hell's Gate karibu na Naivasha, wako wanaoteremka Magadi, na wako wanaokwenda mashambani na kulala uani kwa kuwa nyumba ya nyanya imejaa wageni. Mara nyingi huko kote jambo moja hukosekana: soketi ya stima.

Kwa wengi wetu hiyo ni sehemu ya raha yenyewe. Lakini iwapo wewe, mkeo au mumeo hulala na mashine ya pumzi, basi giza hilo laweza kuivuruga safari nzima. Na hapo ndipo hupitishwa uamuzi ambao leo ningependa kukuzuia, mpenzi msomaji, usiupitishe: "Tuiache tu nyumbani. Si ni siku tatu?"

Kwanza tukumbushane mashine hii ni ya nini. Mtu mwenye maradhi yaitwayo apnia ya usingizi hukoroma sana, kisha ghafla hunyamaza. Wengine hudhani ametulia. La hasha! Misuli ya koo imelegea, njia ya hewa imejiziba na pumzi imekatika kwa sekunde 10 au zaidi. Ubongo hushtuka na kumwamsha kidogo, naye huvuta pumzi kwa kishindo na kulala tena. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, pumzi hukatika au kupungua hivyo mara 30 au zaidi katika kila saa, na asubuhi hakumbuki lolote. Anayejua ni yule anayelala kando yake.

Mwaka wa 1981, daktari Colin Sullivan wa Australia na wenzake walitangaza tiba isiyo tembe wala sindano: mashine inayopuliza hewa kupitia mrija na barakoa ya puani ili koo libaki wazi. Ndiyo inayotumika hadi leo. Hata hivyo, mashine hii haiyaondoi maradhi. Humfaa mtu usiku ule tu anapoivaa.

Sasa fikiri juu ya zile siku tatu. Siku ya mwisho ndiyo ya kurejea, na aghalabu yule aliyelala vibaya ndiye anayeshika usukani, watoto wakiwa nyuma, akipanda kona za Mai Mahiu katikati ya malori. Usingizi alioukosa kambini humfuata barabarani. Ndiposa nasema mashine hii iingie garini kabla ya sufuria.

Umeme utatoka wapi? Utatoka kwenye betri, lakini kwa hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na betri nayo ni mali.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kifaa cha wati 10 kikiwaka kwa saa moja hutumia wati-saa 10. Mashine nyingi za pumzi, zikiwa zinapuliza hewa tu, hula wastani wa wati 10 hadi 20 hivi, kutegemea nguvu ya hewa aliyoagiza daktari. Usitishwe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye adapta. Huo ni upeo wake, si matumizi yake ya kila saa.

Kinachomeza umeme ni joto. Mashine nyingi zina kikasha cha maji kinachopashwa moto ili hewa isikaushe pua, na baadhi zina mrija wenye joto pia. Hivyo viwili vikiwashwa, mashine iyo hiyo yaweza kufika wati 50.

Tuchukue mfano wa usiku wa saa nane. Mashine inayokula wati 15 itatumia wati-saa 120. Ile ya wati 50 itatumia wati-saa 400. Kwa siku tatu, ya kwanza inahitaji 360, ya pili 1,200.

Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, yaani 12 mara 100. Lakini iwapo ni ile ya risasi na tindikali, haifai kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Kwa hivyo una wati-saa 600. Bila joto, utalala siku tatu na akiba itabaki. Ukiwasha joto, utalala usiku mmoja tu, na usiku wa pili, ukiingia kitandani saa nne, mashine itazimika yapata saa nane za usiku ungali usingizini. Mwulize daktari wako kama waweza kulala bila joto kwa siku hizo chache. Wengi huweza.

Betri za lithiamu ni nyepesi na hukubali kutumiwa karibu zote, ingawa bei yake ni kubwa. Betri ya gari iache ifanye kazi yake ya kuwasha injini. Haikuundwa kutoa umeme usiku kucha, na hakuna raha katika kuamkia gari lisilowaka katikati ya mbuga.

Aidha, angalia namna ya kuunganisha. Inverta hupoteza sehemu ya umeme inapougeuza uwe kama wa nyumbani. Afadhali utumie waya maalumu wa kutoka kwenye betri moja kwa moja, uliotengenezewa mashine yako. Baadhi ya mashine hutumia volti 12 na nyingine volti 24, na hizi za pili huhitaji waya wenye kifaa cha kupandisha volti. Usimruhusu mtu akate waya na kuunga kwa kubahatisha.

Je, sola? Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri yaweza kurudisha wati-saa 300 hivi kwa siku. Lakini Agosti ni mwezi wa mawingu katika sehemu nyingi za nyanda za juu. Ifanye paneli kuwa nyongeza, si tegemeo.

Ama jenereta, usiitie karibu na hema, wala usilale huku injini ya gari ikinguruma kando yako ili kuchaji betri. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na jiko la makaa hutoa sumu iyo hiyo. Kumbuka kuwa mashine huvuta hewa iliyomo hemani na kuipuliza moja kwa moja puani mwa mgonjwa.

Wanaolala kwenye kambi za kitalii nao waulize mapema: jenereta huzimwa saa ngapi? Kambi nyingi huizima usiku, saa ambazo mashine inahitajika hasa. Na anayepanda Mlima Kenya amwone daktari kwanza. Mashine nyingi zimeundwa kwa mwinuko wa hadi mita 2,500 hivi, ilhali kambi ya Old Moses iko mita 3,300.

Jambo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Juma moja kabla ya safari, fanyeni majaribio nyumbani. Chomoa mashine ukutani, zima joto, iunganishe na betri na ulale hadi asubuhi, kisha utazame kiasi kilichobaki. Ni heri ikatikie chumbani mwako kuliko porini. Majaribio hayo yatakufaa pia siku ile stima itakapopotea mtaani.

Na ikitokea betri ikaisha kambini? Mgonjwa alale kwa ubavu, si chali, na ainue kichwa kidogo. Kwa kuwa hakuna ajuaye betri itaisha lini, pombe na dawa za usingizi asiziguse safari nzima, kwani hulegeza koo zaidi. Hayo si badala ya mashine, ni ya kuvukia usiku tu. Kukikucha, mwingine na ashike usukani.